Mtu wa Chumba cha Baridi

Sina subira na watu wanaojimaliza kwa kazi ya mtu mwingine, na Isaiah Mbugua nilimwambia hivyo usoni zaidi ya mara moja. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani namwandika kwa sababu alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, mchoyo wa sukari, na akishashika jambo haliachi. Namwandika kwa sababu sehemu ya yaliyompata ilitoka mkononi mwangu, na nimechoka kuyabeba peke yangu.

Mimi ni Metrine, mzaliwa wa Kimilili. Tangu mwaka 2011 nafanya kazi katika kampuni ya mimea huku Al Quoz, Dubai, katikati ya karakana ya kupaka magari rangi na ghala la matairi. Kazi yangu ni kufunga vyungu kwa karatasi, kubandika lebo na kuvipanga kwenye lori. Isaiah alitukuta Februari 2013. Alitoka Njabini, Kinangop, kule juu ambako watu hulala na sweta, na huko alikuwa amefanya kazi miaka tisa kwenye shamba la maua. Nyuma yake alimwacha mkewe Serah na binti yao Wangari wa miaka mitatu.

Mwenye kampuni yetu, ambaye sote tulimwita sir, alikuwa na wazimu wake mmoja: haidrenja. Hiki ni kichaka cha nchi za baridi. Aina aliyoipenda yeye ni ile fupi, isiyopita goti, yenye vichwa vya maua vikubwa kama kabichi. Alitaka kila mwaka avitoe vyungu elfu mbili vimechanua ifikapo Machi ishirini na moja, siku ambayo Waarabu huwapa mama zao zawadi. Nchi nzima hakuna aliyekuwa akifanya hivyo, kwa maneno yake mwenyewe, na kwa maoni yangu walikuwa na sababu nzuri ya kutofanya.

Maana mmea huo hautoi ua mpaka upitie baridi. Matumba yake hujiumba mwisho wa kiangazi kwenye kijiti cha mwaka huo, kisha hulala. Usipoyalaza kwenye baridi wiki sita au nane, mti unaamka na majani matupu, unakutazama. Dubai baridi ya namna hiyo haipo, basi sir akaijenga. Ghala lisilo na dirisha, mashine mbili za kupoza, nyuzijoto tano, giza tupu. Mwisho wa Oktoba vyungu vinaingizwa humo, mwisho wa Desemba vinatolewa kwenda nyumba ya vioo kuamshwa polepole.

Na majani lazima yaanguke kabla. Kwa hilo, Mholanzi mmoja aliyekuja kwa siku tatu kutufundisha alituambia tuweke masanduku ya matufaha humo ndani. Tufaha likiiva hutoa hewa inayoyaangusha majani. Mimi nilidhani anatutania, lakini baada ya siku kumi vyungu vyote vilikuwa vimebaki vijiti. Shida ikawa majani yenyewe. Yakilala chini kwenye unyevu yanaota kuvu ya kijivu, na kuvu ikipanda kwenye tumba, ua limekwisha. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuingia kila siku na kuyaokota, chungu kwa chungu, kwa mkono.

“Who is from cold place?” sir akauliza siku hiyo.

Isaiah akanyoosha mkono. Sisi wengine tukatazama viatu vyetu.

Alipewa jaketi zito, taa ya kuvaa kichwani na glavu. Kitambaa cha kufunika pua hakupewa, na hakuna aliyekiulizia, hata mimi. Wakati wengine walisukuma mikokoteni juani wakilowa jasho, yeye alivuta ule mlango wa chuma akapotelea ndani.

“Huko kwetu ni hivi hivi, dada,” aliniambia jioni ya kwanza, ameketi juu ya sanduku anapasha vidole. “Asubuhi unapata sakitu imelala kwa nyasi, nyeupe. Hapa ndani niko nyumbani.”

“Nyumbani kwenu kuna mlango wa chuma?”

Akacheka. Alikuwa na kicheko kikubwa, cha kifua kipana. Nakitaja kwa sababu kilikuwa kitu cha kwanza kwenda.

Msimu huo wa kwanza ulipokwisha, vyungu vikachanua rangi ya waridi tupu, elfu mbili, na sir akatununulia biriani. Isaiah yeye hakuwa na hamu ya biriani. Alikuwa ameshapata wazo, na tangu siku hiyo hakuwa na jingine. Kule Njabini alikuwa na robo ekari ya babake, na sakitu ilikuwa ikimchomea Serah viazi kila mwaka. Kama mmea unataka baridi ndipo utoe ua, akasema, basi baridi ya kwetu si balaa tena, ni mtaji. Nairobi watu wanajenga majumba na wanataka kichaka kifupi kizuri cha kuweka mlangoni. Serah ataanza, yeye atakaa Dubai kulipia nyumba na shule, na mimea ikishakomaa na kutoa maua mfululizo atafunga sanduku.

“Mwaka wa tatu,” alisema. “Mwaka wa tatu ikichanua, mimi sipo hapa. Nitakuwa nimekaa kwa stuli mlangoni kwangu, naangalia.”

Hicho ndicho alichokuwa akikitaka duniani, stuli na mlango wake. Nimekutana na watu Dubai wanaotaka magari na majumba ya ghorofa. Yeye alitaka kuketi.

Aprili 2014 nilienda likizo, na nikambebea vipandikizi vinne. Ulikuwa wizi, sitaupamba. Alivikata kwenye mti wa pembeni, akavizungushia karatasi iliyolowa, akavitia ndani ya soksi, soksi ndani ya pakiti ya dawa ya meno. Serah alinipokea uwanja wa ndege Nairobi, mwanamke mwembamba wa maneno machache, akaipokea ile pakiti kwa mikono miwili kana kwamba nimemletea mtoto. Kimoja kilikufa. Vitatu vikashika.

Kuanzia hapo Isaiah alilima Njabini kwa simu. Kila jioni alimtumia Serah ujumbe wa sauti, na sisi tuliokaa naye kwenye ngazi za kambi ya wafanyakazi tulisikia shamba lote. Januari ya kwanza sakitu iliua matumba. Akamfundisha kufunika kila kichaka kwa nyasi kavu na gunia jioni, na kufunua jua likitoka. Mwaka uliofuata Serah akaona vijiti vimesimama vikavu, vibaya, akavikata vyote chini kama afanyavyo kwa miti mingine. Alipomwambia, Isaiah akampigia moja kwa moja.

“Mama Wangari, hivyo si vikavu, vimelala,” akasema. “Ua linakaa kwa kijiti cha zamani. Ukikata kijiti umekata ua la mwaka ujao. Si kosa lako, mimi ndiye sikukwambia. Sasa usikate kitu. Hata kikikukasirisha, usikate.”

Kwa hiyo mwaka wa tatu ukasogea, ukawa 2017.

Kikohozi kilianza msimu wa 2014, kidogo, nacho kikaisha alipotoka chumbani. Msimu wa 2015 kikarudi na homa. Hiyo homa ilikuwa na tabia yake: asubuhi hayupo nayo, anaingia chumbani, anafanya kazi, saa kumi na moja jioni ndiyo inamshika, anatetemeka ndani ya blanketi huku nje watu wanatembea na fulana. Akakonda. Suruali ikafungwa kwa kamba. Mtu yeyote wa kwetu akiona kikohozi, homa ya jioni na kukonda, hahitaji daktari kumwambia jina la ugonjwa. Sote tulilijua jina hilo na hakuna aliyelitamka.

Lazima nieleze hofu yetu, la sivyo tutaonekana wajinga zaidi ya tulivyokuwa. Visa huisha kila baada ya miaka miwili, na kuifanya upya lazima upigwe picha ya kifua. Mwaka Isaiah alipokuja, palikuwa na mwenzetu mmoja anaitwa Tonny. Alikwenda kupigwa picha Jumatatu, wakaona doa, na hakurudi kambini. Wiki mbili baadaye tukasikia yuko kwao Busia. Shati lake lilibaki limening’inia kwenye kitanda mpaka mtu akalichukua. Tangu hapo, kwetu kukohoa lilikuwa jambo la kuficha kama vile kuficha mimba.

Visa ya Isaiah ilikuwa inaisha Februari 2017. Miezi miwili tu kabla ya maua. Akirudishwa kabla hajajipanga, na jina la TB mgongoni, Njabini nzima ingejua kabla hajashuka garini, na nani angenunua kichaka kwa mtu kama huyo? Hivyo ndivyo alivyowaza, na mimi nikawaza naye.

Nikaingia kazini. Nilimchemshia tangawizi na vitunguu saumu. Nilimnunulia dawa ya maji ya kifua kwenye duka la dawa, nikasema ni ya kwangu. Na Novemba 2016, siku supavaiza alipogeuka kumtazama akikohoa karibu na lori, nilimvuta pembeni nikamwambia maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno.

“Sikiza, Isaiah. Usikohoe huku nje. Ukisikia inakuja, ingia chumbani, funga mlango, ukohoe humo. Humo hakuna mtu anakusikia. Hata saa ya mapumziko kaa humo humo.”

“Humo ni baridi, dada.”

“Si ulisema ni nyumbani?”

Akatii. Hakuwa mtu wa kutii, lakini hilo akalitii. Kuanzia siku hiyo alikula chakula chake cha mchana ndani ya chumba cha baridi, gizani, kati ya vyungu na majani yake yenye kuvu, mlango umefungwa. Nilimpelekea chai mwenyewe. Nilijiona mwerevu.

Siku zetu za ibada zilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko. Tulikusanyika Oud Metha, kwenye ukumbi wa kukodi juu ya mgahawa, Wakenya na Waganda, na aliyetuongoza alikuwa mchungaji Zedekiya, Mganda aliyekuwa mlinzi wa jengo siku nyingine zote. Alikuwa mtu mwema na bado ni mwema. Wiki ya pili ya Novemba Isaiah alimwendea, akamnong’oneza, na mchungaji akamwekea mikono kifuani akaomba mpaka jasho likamtoka.

Na Jumamosi asubuhi Isaiah aliamka mzima.

Sisemi nafuu. Alivuta pumzi mpaka chini, akapanda ngazi bila kusimama, akacheka kile kicheko. Jumapili jioni homa ikamrudia. Ijumaa iliyofuata akaombewa tena, na Jumamosi tena akaamka anapumua. Ikawa hivyo wiki nne. Mara ya tatu alisimama mbele akatoa ushuhuda, na akina mama wakalia. Mchungaji akatueleza kwamba uponyaji unakuja lakini katikati ya wiki imani inapungua, kwa hiyo tumsaidie kufunga. Isaiah akafunga Jumanne na Alhamisi, huku anaingia kwenye nyuzijoto tano na tumbo tupu.

Sasa mtu yeyote anayesoma haya ameshaona ambacho sisi hatukukiona. Ijumaa ndiyo siku pekee ambayo hakuingia kwenye chumba kile. Watu arobaini wa ibada ile walikuwa wakihesabu siku zake, mzima lini, mgonjwa lini, tukazipanga vizuri kabisa, na jibu tukaliweka mahali pengine.

Desemba kumi na nne nilimpelekea chai saa sita. Niligonga mlango kwa teke kama kawaida, hakuitika. Nilivuta, nikaona mwanga wa taa yake uko chini, unamulika ukuta. Alikuwa ameanguka kati ya safu mbili, shavu kwenye sakafu, midomo ya bluu, na mkononi bado ameshika majani. Nilimwaga chai nikapiga kelele. Nikamvuta kwa miguu mpaka nje kwenye jua, na alipofumbua macho kitu cha kwanza alichoniambia ni, “Funga mlango, matumba yataamka.”

Kampuni ikampeleka hospitali, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemkuta, nikatumwa naye. Daktari alikuwa mama wa Kisudani, mfupi, mwenye miwani. Alimpiga picha, akampima makohozi, akatuweka siku tatu. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kwa lile neno. Siku ya nne akaniita, akaniwekea picha mbele ya taa.

“Si TB,” akasema.

Nikasema asante Yesu, kwa sauti. Yeye hakufurahi.

“Anafanya kazi gani?”

Nikamweleza: chumba, matufaha, majani, kuvu. Alikuwa akiandika, kisha akaacha kuandika.

“Anakaa humo saa ngapi kwa siku?”

“Sita za kazi, madam. Na mapumziko.”

“Mapumziko anakaa humo? Kwa nini?”

Aliningoja, nami nikatazama meza yake.

Basi akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza ndugu wa marehemu. Ile kuvu ya majani, ukiivuta kila siku mahali pasipo hewa, mapafu ya watu wengine huikataa. Yanavimba, homa inakuja jioni, asubuhi inaondoka. Ukikaa mbali nayo siku mbili unajisikia mzima. Ukikaa mbali nayo kabisa, unapona. Mwaka jana, akasema, angekuja kwake mwaka jana, angemwambia atoke kwenye chumba hicho na kumpa vidonge vya wiki chache, khalas, yameisha. Sasa mapafu yameshafanya makovu, na kovu halirudi kuwa pafu.

“Kwao ni wapi?” akauliza mwishoni. “Ni mahali pa juu?”

“Juu sana, madam. Baridi.”

Akatikisa kichwa. Akasema kule juu hewa ni nyembamba, na mtu huyu hana tena kifua cha hewa nyembamba. Akae chini, mahali pa joto, aweza kwenda mwaka, pengine miwili. Akipanda mlimani asihesabu miezi.

Nilidhani Isaiah angelia. Alikuwa amelala na mpira wa hewa puani, akasikiliza yote, akaniuliza tu vyungu vimeshatolewa kwenda kwenye vioo au bado. Nilikasirika hata nikataka kumpiga. Nikamwambia sir na vyungu vyake wakafie mbele. Akafumba macho.

Kampuni ilimfutia kibali, ikampa tiketi ya Januari kumi na tisa. Siku moja kabla, aliniita kwenye ngazi za kambi. Alipanda nne, akakaa ya tano kuvuta pumzi.

“Dada, hiyo maneno ya mlima, usimwambie Serah.”

“Isaiah.”

“Nisikize. Nimekaa miaka minne kwa friji ya mtu ndio nirudi kwangu. Ameniambia matumba ni mengi, mwaka huu hajakata hata moja. Ni Aprili. Mimi sitaki miaka miwili, nataka Aprili. Nikifika Aprili nikiwa mlangoni kwangu, yatosha, kila kitu kitakachofuata ni sawa. Umenisaidia kunyamaza mwaka mzima. Nisaidie na hii.”

Nikamwambia sawa.

Usiku huo sikulala, na sababu ilikuwa moja tu. Nilikuwa nimeshanyamaza mara moja. Nilijua kunyamaza kwangu kumefanya nini, nilikiona kwenye picha mbele ya taa. Nilijiambia sitarudia. Nilijiambia Serah ana haki, Wangari ana haki, miaka miwili ni miaka miwili. Yote hayo ni kweli mpaka leo. Na ni kweli pia kwamba nilitaka mtu mmoja duniani nisiwe nimemficha kitu, nipate kulala. Asubuhi, Isaiah akiwa angani, nilimpigia Serah nikamwambia kila neno la daktari.

Serah hakupiga kelele. Akauliza mara mbili, “Juu hawezi?” Nikasema hawezi.

Ana dada yake, Agneta, aliyeolewa Makindu, kule chini kwenye joto na vumbi. Serah akapanga mambo kwa saa tano. Walimpokea uwanja wa ndege, mkewe, binti yake na mume wa Agneta mwenye pikapu. Isaiah alikumbatiana nao, akaketi mbele, akaweka mfuko wake wa dawa miguuni. Gari lilipoingia barabara kuu alikuwa akimuuliza Wangari juu ya shule. Lilipofika Athi River likaendelea moja kwa moja kuelekea Mombasa, akatoa simu. Aliijua njia ya kwao, na haikuwa hiyo.

Simu yangu ililia nikiwa nabandika lebo. Nilisikia injini, na pumzi yake ikipanda na kushuka.

“Metrine,” akasema, hakuniita dada. “Ulikuwa unajua kunyamaza.”

Akakata. Hakuwahi kunipigia tena, na nilipompigia hakupokea.

Aliishi Makindu miezi kumi na tatu. Serah alikuwa akishuka kila mwezi na kupanda, kwa kuwa shamba lilihitaji mtu. Aprili hiyo, ile mitatu ya kwanza, miti yangu ya wizi, ilichanua. Ilichanua bluu. Udongo wa Njabini una ukali wake na mmea huo hubadilika kwa udongo. Sisi huku tuliumwagilia maji ya chumvi na siku zote tuliona rangi ya waridi. Serah alinitumia picha: vichaka vitatu vya kimo cha goti mlangoni, vimejaa bluu, na nyuma yake stuli.

Alimpelekea Isaiah picha hiyo hiyo. Akaishika simu kwa muda mrefu, kisha akasema hizo si zake, zake ni za waridi, wamempigia picha kwa jirani ili anyamaze. Serah akamwapia. Hakuamini. Mwezi uliofuata Serah akang’oa kichaka kimoja, akakitia kwenye ndoo, akashuka nacho kwa basi usiku kucha ili akione kwa macho yake. Kilipofika Makindu saa nne asubuhi vichwa vyote vilikuwa vimelala, vya kahawia. Isaiah akagusa kijiti kwa ukucha, akaona bado kibichi chini ya ganda. Akamwambia akirudishe, akipande, asikikate. Juu ya rangi hakusema kitu.

Alifariki Februari 2018, mchana, amekaa. Sisi wa Njabini na wa Kimilili ni wamoja kwa jambo hili: mtu huzikwa kwao. Kwa hiyo wakampandisha. Ile njia aliyokatazwa alipandishwa nayo, Naivasha wakaiacha kushoto, wakapanda kwenye ukungu mpaka juu kabisa, na safari hii hakuna daktari aliyekuwa na neno. Niliona kwenye video ya simu. Watu wamevaa makoti mazito, pumzi zao zinaonekana. Jeneza lilipita mlangoni kando ya vichaka, na kwa kuwa ni msimu wa sakitu vilikuwa vimefunikwa kwa magunia, hakuna ua lolote.

Huku Al Quoz chumba bado kipo. Sasa kuna kofia za plastiki zenye vichujio vya kuvaa usoni, zimening’inizwa mlangoni, sita. Mwaka huo vyungu vilichanua vizuri.

Wiki moja baada ya mazishi nilijipa moyo nikampigia Serah. Tuliongea juu ya Wangari, juu ya matanga, juu ya watu waliokuja. Kisha nikamuuliza, maana sikuwa na mwingine wa kumuuliza.

“Mama Wangari, kama nisingekwambia?”

“Angekufa mapema,” akasema. “Pengine kabla ya Pasaka ile.”

“Nilifanya vizuri, basi.”

Nikasikia upepo wa kwao kwenye simu.

“Angekufia kwake,” akasema.

Hakulisema kwa ubaya. Kisha akaniambia jua linazama, anga haina wingu hata moja, na lazima atoke akafunike mimea kabla sakitu haijashuka.